Maneno ya fomu na simu yawe ya watu wa huku: mhami asilipe makosa ya kamusi

KASONGO / KABAMBARE, kusini mwa Maniema – Familia ikikimbia vita na kufika Kasongo au Kabambare, kitu cha kwanza inachokutana nacho siku hizi si gunia la unga. Ni simu. Ajenti wa shirika anafika na simu kubwa mkononi, anauliza majina, anahesabu watoto, anapiga picha, pengine anachukua na alama za vidole. Majina yanaingia ndani ya programu. Siku zinapita. Halafu ujumbe unafika kwenye simu ya familia au ya jirani: pesa ziko, njoo siku fulani, finya namba hizi, andika namba ya siri. Toka mwanzo mpaka mwisho, mambo yote yanapita katika maneno madogo yaliyoandikwa juu ya kioo cha simu, na katika karatasi ya maelezo inayoyafuata.

Hapo ndipo penye ubaya. Mara nyingi maneno hayo si ya watu wanaotakiwa kuyasoma. Upande mmoja kuna Kifaransa cha ofisi: « bénéficiaire », « ménage », « solde », « valider ». Upande mwingine kuna Kiswahili kilichobebwa kizima kutoka kamusi za Dar es Salaam na Nairobi: « kaya », « salio », « ghairi », « bofya », « nywila ». Mama wa Kabambare anayesema Kibangubangu nyumbani na Kiswahili sokoni anabaki katikati, na hakuna aliyemwandikia.

Jambo ni rahisi kulisema. Yeyote anayeleta Kasongo au Kabambare programu ya kuandikisha wahami, au ya kuwalipa, anadaiwa vitu viwili kabla ya kuandika jina la kwanza: orodha moja ya maneno ya Kiswahili cha huku, na namna moja ya kuyaandika, isiyobadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa. Asiyefanya hivyo anawatwika wahami kazi ambayo yeye analipwa kuifanya.

Siku ya tatu ni lini?

Tuanze na siku, kwa sababu hakuna anayefikiri kwamba siku inaweza kuleta shida. Wakristo wengi wa huku wanahesabu kutoka siku ya yenga: kesho yake ni siku ya kwanza, halafu ya pili, ya tatu, mpaka siku ya posho. Katika familia za Kiislamu, na Kasongo ni mji wa Waislamu tangu karne ya 19, kuna wanaohesabu kama pwani: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Sasa mtu aangalie vizuri. « Jumatatu » ya pwani ndiyo siku ya kwanza ya huku. « Siku ya tatu » ya huku ndiyo Jumatano ya pwani. Neno « tatu » liko katika zote mbili, lakini kati yake kuna siku mbili nzima.

Ujumbe ukiandikwa « mgawo utafanyika Jumatatu », na mwenye kuupokea akasikia tatu, atafika siku ya tatu. Atakuta uwanja mtupu, maturubai yamekunjwa, na jina lake limewekwa alama ya « hakuja ». Kama alitoka kwa miguu kijiji cha mbali, amepoteza na siku ya shamba. Katika programu hakuna sehemu inayosema kwamba mtu huyu alikuja siku ambayo yeye aliambiwa. Kuna « alikuja » na « hakuja », basi.

Saa nayo ni hivyo hivyo. « Saa 8 » kwa mama ni saa nane, jua limepita utosi. Kwa programu ni 8:00, ni kusema saa mbili ya asubuhi. Watu wa redio wanalijua jambo hili vizuri, ndiyo maana mtangazaji hasemi saa bila kusema ni ya asubuhi, ya mchana au ya usiku. Ujumbe wa simu haujajifunza adabu hiyo.

Pesa hazitoshi

Pwani, « kutosha » ni kuenea. Simu ya Dar es Salaam ikimwambia mtu « salio lako halitoshi », anaelewa mara moja kwamba pesa zake ni kidogo kuliko alizoomba. Huku, kutosha ni kuondoa kitu mahali kilipo. Mtu anatosha maji kisimani, anatosha mihogo shambani, anatosha pesa kwenye kabini. Sasa mwanamke amesimama mbele ya kabini, ameomba 50.000 na konti ina 48.000. Kioo kinamwambia pesa « hazitoshi ». Yeye anaelewa kwamba pesa zimekataa kutoka. Mtandao ni mbaya, au mwenye kabini anamdanganya. Anaenda kabini ya pili, na ya tatu, na kila pahali anatoa simu yake na namba yake ya siri ili wamsaidie. Hapo mwizi hahitaji akili nyingi.

Neno « kutoa » linafanya ubaya wa upande mwingine. Pwani, « toa pesa » ni kuzichukua kutoka konti. Huku, kutoa ni kupeana: kutoa sadaka, kutoa mchango wa shule. Mzee akisoma « Toa pesa » juu ya kioo anaweza kuogopa kwamba simu inamdai. Na « tumia » je? Kitabu cha pwani kinasema kutumia ni kufanya kazi na kitu. Watu wengi wa huku wanasema kutumikisha, na « kumtumia mtu pesa » ni kumpelekea. Kifungo kilichoandikwa « TUMIA » peke yake hakimwambii mtu kama atazitumikisha au atazipeleka kwa mwingine.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na jina lake limebeba neno la Kiswahili. Leo hata Kongo watu wanalipana kwa njia hiyo na kwa nyingine zinazofanana nayo. Kitu chenye jina la Kiswahili, kinachotumikishwa na watu wa Kiswahili, hakina sababu ya kuwachanganya kwa Kiswahili.

Watu wangapi nyumbani?

Kifaransa cha fomu kinauliza juu ya « ménage ». Tafsiri ya kamusi ni « kaya », neno ambalo halisikiki sokoni Kasongo. Basi ajenti anatafuta lake. Mmoja anasema « jamaa », mwingine « nyumba », mwingine « familia ». Maneno hayo matatu yanazaa hesabu tatu. Ukimuuliza mtu jamaa yake, atahesabu na mdogo wake aliyebaki Fizi na wajomba waliopotea njiani. Ukimuuliza nyumba, atakuhesabia wote waliolala chini ya bati moja, pamoja na wenye nyumba waliompokea. Kumbe kile ambacho fomu inataka kina jina zuri kabisa la huku: wanaokula chungu kimoja. Kila mama anajua ni wangapi wanaokula kwenye chungu chake. Wangemuuliza hivyo, hesabu ingetoka sawa kwa ajenti wote, na hakuna mama ambaye angeitwa mwongo kwa kuhesabu watu 11 leo na 7 mwezi ujao.

Neno « mkimbizi » ni mtego mkubwa zaidi. Kwa mtu wa kawaida, aliyekimbia ni mkimbizi, awe ametoka Salamabila karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, awe ametoka Fizi, awe ametoka Burundi. Kwa sheria, mkimbizi ni aliyevuka mpaka wa nchi. Aliyekimbia ndani ya nchi yake ni mhami. Wote wawili wako katika eneo hili kubwa: Fizi, jirani wa Kabambare, ina kambi za Lusenda na Mulongwe zenye wakimbizi wa Burundi. Basi fomu ikiuliza « wewe ni mkimbizi? » na mtu wa Salamabila akajibu ndiyo, amesema ukweli katika Kiswahili chake na kosa katika Kiswahili cha programu. Swali lingeandikwa « umekimbia kutoka pahali pengine pa Kongo, ao kutoka nchi nyingine? », asingekosea hata mtoto.

Nyota ina kazi tatu

Maneno si peke yake. Alama nazo zinasema, na zinasema vibaya.

KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu iliyotengenezwa na watafiti wa Harvard Humanitarian Initiative huko Marekani, inatumikishwa na mashirika mengi katika Kongo kwa sababu inaweza kuandika hata pasipo mtandao. Ndani yake, swali lenye nyota nyekundu ni la lazima: bila kulijibu, fomu haiendelei. Nyota hiyo hiyo ndiyo mtu anayofinya mwanzoni mwa namba za huduma, kama *1122# ya M-Pesa huku Kongo. Na mtu akiandika namba yake ya siri, kioo kinaificha kwa nyota nne. Ni alama moja yenye kazi tatu: lazima, finya, imefichwa. Karatasi ya maelezo isiyosema ni nyota gani inayozungumziwa inamwacha msomaji akibahatisha.

Mviringo na sanduku pia. Katika fomu za namna hiyo, majibu yenye viduara ni ya kuchagua moja tu, na majibu yenye visanduku ni ya kuchagua mengi. Aliyejifunza analijua. Kijana aliyechukuliwa jana asubuhi kusaidia kuandikisha halijui mpaka aambiwe. Mama akisema kwamba alipoteza nyumba, na mbuzi, na mbegu, na kijana akaona viduara, ataandika la kwanza tu. Pengine kosa ni la aliyetengeneza fomu, aliyeweka viduara pahali pa visanduku. Lakini atakayekosa mbegu ni mama.

Kuna na alama za kuandikia. Karatasi inasema: andika « NDIYO » kisha utume. Kuna watu wanaoandika neno pamoja na alama zake mbili, na simu inakataa. Karatasi inasema: piga *1122#. Je, ile nukta ya mwisho ni ya kufinya ama ni ya kufunga sentensi? Namba ikikatwa katikati mwisho wa mstari, nusu juu na nusu chini, ni namba moja au mbili? Sufuri na herufi O, namba 1 na herufi l ndogo, zinafanana kama mapacha kwenye karatasi iliyopita kwenye mashine ya kopi mara tano. Anayejua kusoma vizuri anaona mambo haya ni ya kitoto. Aliyeachia darasa la nne anayaona ni ukuta.

Na hesabu. Sokoni Kasongo watu wanaandika 50.000 kwa elfu makumi matano ya franka. Kwa Kiingereza wanaandika 50,000. Kwa Kifaransa, koma inatenganisha franka na senti, kwa hiyo 50,000 inaweza kusomwa kama makumi matano tu. Wenye kupanga kanuni za kompyuta duniani, wale wa Unicode, wameshaona tofauti hiyo: katika kanuni zao Kiswahili cha Kongo kina nukta kwa kutenganisha elfu na koma kwa senti, na Kiswahili cha Tanzania kinafanya kinyume. Hata katika orodha ya kimataifa ya lugha, Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc, na cha pwani kina yake, swh. Ni kusema mashine zinajua kwamba kuna Kiswahili cha Kongo. Wanaosahau ni watu wanaozipanga.

Majibu kwa wanaokataa

Wa kwanza watasema: Kifaransa ndicho lugha ya kazi ya serikali, watu wajifunze. Ni kweli, Katiba ya 2006 inasema hivyo katika kifungu cha 1. Lakini kifungu hicho hicho kinataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na kinaiamuru serikali izikuze. Kifungu cha 142 kinaenda mbali zaidi: kila sheria inapaswa kutangazwa kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha hizo nne, katika siku 60 tangu itiwe sahihi. Kama sheria ya nchi nzima inapaswa kumfikia raia kwa Kiswahili, fomu ya kuomba ndoo na blanketi itadai Kifaransa kwa haki gani? Na kuna sheria ya 2023, Kode ya Dijitali, yenye sehemu nzima ya kulinda habari za watu. Mtu akiwekewa kidole juu ya mashine baada ya kusomewa maneno ambayo hakuyaelewa, hajakubali kitu. Amenyamaza tu.

Wa pili watasema: basi tumieni Kiswahili sanifu, kwa sababu cha Kongo kimeharibika. Hawa wamesahau historia. Kiswahili kilifika Nyangwe, Kasongo na Kabambare kwa njia ya misafara ya karne ya 19, pamoja na biashara ya pembe na ubaya wa utumwa. Kilikuwa lugha ya Kasongo kabla majeshi ya Leopold hayajauteka mji mwaka 1893. Kamati iliyokuja kusanifisha Kiswahili ilianza mwaka 1930, na ilikuwa ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kiswahili cha huku kilikwenda njia yake kwa sababu hakuna aliyekialika mezani. Mtu asiyealikwa haitwi mpotevu.

Tena, hiyo pwani yenyewe haina neno moja. Kompyuta ya Tanzania inaitwa tarakilishi katika vitabu vya Kenya. Kipanya cha huku ni puku cha kule. Namba ya siri ina majina matatu: nywila, nenosiri, neno la siri. Wataalamu wao wanabishana na hawajamaliza. Kuwabebesha wahami wa Kabambare ubishi wa watu wengine ni dhuluma.

Hilo si kusema kwamba kazi ya pwani ni bure. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Namna yao ya kufanya kazi ndiyo ya kuiga: kwanza walikaa na kupanga orodha ya maneno, ndipo wakatafsiri. Hawakuacha kila mtafsiri ajichagulie lake. Lakini walichagua kwa masikio ya Tanzania, na walikuwa na haki, kwa sababu walikuwa Tanzania. Kasongo nayo ichague kwa masikio ya Kasongo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kuingia katika nyumba ya ndugu hakumlazimishi mtu kuacha mdomo wake mlangoni.

Wa tatu watasema: maneno si shida, kwa sababu ajenti anaeleza kwa kinywa. Hili ndilo jibu baya kuliko yote, kwa sababu linaonekana kuwa zuri. Ajenti mwenye fomu ya Kifaransa anatafsiri hapo hapo, akiwa amesimama juani, na watu mia wakimngoja. Anayetoka Kindu anatafsiri hivi, anayetoka Bukavu vile, anayetoka Lubumbashi kwa namna yake. Kila ajenti amekuwa kamusi, na hakuna mwenye kuangalia kamusi hiyo. Baadaye majibu yote yanamwagwa katika jedwali moja, na mtu wa mbali anayahesabu kama kwamba swali lilikuwa moja. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha ya matangazo, na likaona kwamba maneno ya Kifaransa na ya Kiswahili cha mbali yaliwachanganya watu mbele ya ugonjwa unaoua. Somo hilo lilipatikana kwa bei kali. Halitakiwi kununuliwa mara ya pili Maniema.

Wa nne watasema: hakuna pesa wala wakati. Orodha inayotakiwa haifiki hata maneno mia. Watu sita wanaweza kuimaliza katika siku mbili chini ya mwembe. Na KoboToolbox inakubali lugha nyingi ndani ya fomu moja: ajenti anachagua yake juu ya kioo, na swali linabaki lile lile. Programu haikatai. Kinachokosekana ni mtu wa kuona kwamba jambo hili lina uzito.

Cha kufanya

Mashirika yote yanayofanya kazi katika teritware za Kasongo na Kabambare yakae na viongozi wa wahami, walimu, wauguzi, wenye kabini na redio za huku, yapange orodha moja. Iandikwe, ipigwe kopi, itumikishwe na wote. Mambo ya kuanza nayo yako wazi:

– Siku iandikwe kwa majina yote mawili na tarehe, na mwezi kwa neno: « siku ya kwanza (Jumatatu), tarehe 7 mwezi wa nne ». Si 07/04, ambayo Mwamerika anaisoma mwezi wa saba na Mkongo mwezi wa nne.

– Saa iandikwe kwa maneno na kwa namba: « saa nane ya mchana (14:00) ».

– Pahali pa « kaya » na « ménage »: wanaokula chungu kimoja.

– Pahali pa « salio » na « solde »: pesa zilizobaki. Pahali pa « hazitoshi »: pesa hazienei.

– Kutosha pesa ni kuzichukua. Kutuma pesa ni kuzipeleka. Neno « tumia » lisionekane peke yake juu ya kifungo.

– Pahali pa « bofya »: finya. Pahali pa « ghairi »: acha, usifanye. Pahali pa « nywila »: namba ya siri, na chini yake, kila mara: usimwambie mtu, hata ajenti.

– Namba ya kufinya isimame peke yake kwenye mstari wake, kwa herufi nene, bila nukta nyuma na bila kukatwa. Neno la kuandika nalo lisimame hivyo, bila alama za pembeni.

– Elfu kwa nukta, kama sokoni, na pembeni kiasi chote kwa maneno.

– Alama ya lazima isiwe nyota peke yake. Liandikwe neno « lazima ». Na chini ya swali liandikwe « chagua moja » au « chagua yote yanayofaa ».

– Neno likichaguliwa, libaki lile lile juu ya kioo, katika ujumbe, juu ya karatasi na katika kinywa cha ajenti. Kifungo kikiitwa « Endelea » ndani ya simu, karatasi isikiite « Songa mbele ».

Halafu kuna jaribio, na jaribio hili halina gharama. Kabla fomu haijaenda shambani, wapewe watu watano: mama asiyemaliza shule, mzee, kijana, mtu wa kabini, mhami aliyefika juzi. Wasiulizwe « mmeelewa? », kwa sababu kila mtu anajibu ndiyo mbele ya mgeni. Waulizwe: « sasa utafanya nini? » Wawili wakijibu tofauti, neno limeshindwa, si mtu. Libadilishwe.

Makampuni ya simu nayo yanahusika. Yanapata faida kwa kila franka inayotumwa katika njia za Maniema. Ujumbe unaowaambia watu habari za pesa zao uwe katika lugha ambayo watu hao wanaifahamu, kwa maneno ya orodha ile ile.

Wahami wenyewe hawako watu wa kungoja tu. Mtu akisomewa swali asilolielewa ana haki ya kusema lirudiwe kwa maneno mengine, na ana haki ya kujua lililoandikwa juu ya kioo kwa jina lake. Kamati za wahami zinazolalamikia ukubwa wa mgawo zilalamikie na maneno. Ujumbe uliowachanganya watu wauonyeshe, wauandike, waupeleke kwa mkubwa wa kambi na kwa redio. Neno baya lililopelekwa mbele linaweza kurekebishwa siku hiyo hiyo. Lililonyamaziwa litapotosha watu mwaka mzima.

Mwenye shirika atakayesema kwamba hii ni vita ya maneno tu, ajibu swali moja. Wale wote ambao mbele ya majina yao kumeandikwa « hakuja », ni wangapi waliokuja siku ya tatu?